Jibu: Masta ya ustawi wa jamii nje, ukiwa Kasulu

Dada, umeuliza kama mtu wa Kasulu mwenye digrii ya ustawi wa jamii anaweza kuomba masta nje bila wakala wa Dar. Anaweza kabisa. Mimi wakala alinilia laki tatu na fomu hakujaza.

Ningeanza na Sweden. Chuo Kikuu cha Gothenburg kina masta ya ustawi wa jamii na haki za binadamu, kwa Kiingereza. Maombi hupitia universityadmissions.se, na dirisha hufungwa katikati ya Januari. Sisi wa nje ya Ulaya tunalipa krona 900 za maombi, ila hela hiyo moja inakupa nafasi ya kuchagua hadi programu 4.

Mlima ni ada ya masomo. Ndiyo maana watu huomba pia udhamini wa Swedish Institute, taasisi ya serikali ya Sweden, unaotaka uwe umeshafanya kazi saa 3,000. Hapo miaka yako ya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ni mtaji! Chukua barua ya mwajiri sasa, yenye saa na tarehe, kabla mradi haujafungwa na bosi hajahamishwa.

Kwenye barua ya nia usiandike "napenda kusaidia watu", kila mtu anaandika hivyo. Eleza kesi moja: mtoto aliyevuka ziwa peke yake toka Kongo, mlivyomtafutia familia ya kumlea, wapi mlikwama. Jina lake usiliweke.

Pasipoti anza leo, ni 150,000. Na vyeti uvipakie mapema, umeme wetu unaujua.