Maswali ya Wasomaji: Ndoo, Maharage na Chumvi ya Waingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisini kwetu barua nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mwenzetu mmoja alipofiwa na baba yake, nilipewa kazi ya kuandika kadi ya rambirambi, nami nikaandika kwamba tumesikitika kusikia mzee «has kicked the bucket» (neno kwa neno, «amepiga ndoo teke»), kwa kuwa kamusi ilinieleza kuwa maana yake ni kufa. Mkuu wetu wa kazi aliisoma, akaichana bila kusema neno. Nilikosea wapi? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Kamusi haikukudanganya, ila ilikupa nusu ya habari. Maana ndiyo hiyo, lakini nahau hiyo ni ya mzaha, na Mwingereza huisema barazani, mbali na masikio ya wafiwa, au anapozungumzia friji iliyokufa baada ya kumtumikia miaka 20. Ulichofanya ni sawa na kuandika kwa Kiswahili kwamba «tumesikitika kusikia baba yako amekata kamba»: kila mtu angekuelewa, na hakuna ambaye angekusamehe. Kwenye kadi Waingereza huandika «passed away», ambayo kwa heshima yake inalingana na «kuaga dunia» kwetu.

Nahau yenyewe ni ya zamani, maana imo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapishwa London mwaka 1785. Maelezo yanayotajwa sana kuhusu asili yake ni kwamba katika lahaja fulani za Uingereza neno «bucket» lilikuwa pia jina la boriti ambayo nguruwe wa kuchinjwa alining'inizwa kwa miguu, akawa anaipiga mateke hadi roho imtoke. Kwa maelezo hayo, hata ile ndoo unayoiona akilini haikuwa ndoo.

Kwa kuwa umeuliza, nikuonyeshe na mtego mwingine ambao kamusi nyingi huupita kimyakimya. Nahau hii haikubali kugeuzwa kuwa kauli ya kutendwa. Ukisema «the bucket was kicked», kifo kimeondoka na imebaki ndoo halisi iliyopigwa teke na mtu. Jaribu jambo hilohilo kwa Kiswahili: «Juma amekata kamba» ni msiba, lakini «kamba imekatwa na Juma» ni habari ya mbuzi aliyefunguliwa. Sasa linganisha na «spill the beans», yaani kumwaga maharage, ambayo maana yake ni kutoa siri. Hiyo hugeuzwa bila shida: «the beans were spilled», siri imeshatoka. Nasi tunaye ndugu yake wa karibu kabisa, kwani husemwa kwamba fulani amemwaga mtama kwenye kuku wengi, na pia kwamba mtama umeshamwagwa, na maana haipotei. Sababu ni kwamba katika kundi hili kila neno limebeba fungu lake la maana: nafaka ni siri, kumwaga ni kufichua. Katika kamba na ndoo, maneno yote yamebeba mzigo mmoja kwa pamoja, na ukimwondoa mmoja mahali pake mzigo unaanguka. (Tahadhari kwa anayetaka kutafsiri harakaharaka: anayemwaga unga hajatoa siri yoyote; huyo amefukuzwa kazi.)

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwalimu wetu alisoma habari moja gazetini, kisha akatuambia «take it with a pinch of salt». Mimi nilielewa kwamba mwandishi ametia chumvi. Wenzangu walinicheka. – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga.

JIBU: Marahaba. Wenzako wamecheka mapema mno, kwa maana ulikuwa karibu sana na mlango. Kwetu anayetia chumvi ni msemaji, na maana yake ni kwamba ameongeza mambo yasiyokuwapo. Kwa Kiingereza chumvi iko mkononi mwa msikilizaji, naye anashauriwa asiyameze yote aliyoambiwa. Basi habari iliyotiwa chumvi kwa Kiswahili ndiyo hasa inayohitaji kupokewa kwa chumvi kwa Kiingereza.

Usemi huo huhusishwa na Plinio Mkubwa, mwandishi wa Roma ya kale aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo, ambaye alieleza dawa ya kujikinga na sumu iliyokutwa katika karatasi za Mfalme Mithridates: jozi kavu mbili, tini mbili na majani 20 ya mmea uitwao ruta, vyote vipondwe pamoja na kuongezwa punje ya chumvi. Wamarekani mpaka leo husema punje, «a grain of salt», ilhali Waingereza wao wanachota kwa ncha za vidole. Na ukimsikia Mwingereza akisema mtu fulani ni «worth his salt», usidhani amekula chumvi nyingi; umri wake haujatajwa, kilichosifiwa ni ustadi wake kazini.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa jumuiya yetu huku Marekani. Katika kikao na wenyeji wetu nilisema kwa Kiingereza «let us table the budget», nikashangaa kuona wanafunga mafaili na kuendelea na ajenda nyingine. Je, walinidharau?

JIBU: Hapana, walikutii. Kwa Waingereza, na katika mabunge yetu yaliyorithi taratibu zao, «to table» ni kuweka jambo mbele ya kikao lijadiliwe, na ndiyo maana Bungeni Dodoma husikika habari za hati zinazowasilishwa mezani. Kwa Wamarekani ni kinyume chake: jambo linawekwa kando. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka wao wa dharura ufikishwe mezani, na wenzao wa Marekani wakaelewa kwamba utiwe kwenye mtoto wa meza na kusahauliwa. Walibishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zilitaka kitu kilekile. Kikao kijacho sema tu «let us discuss the budget».