Kairo kwa miguu na kwa pesa ya mwanafunzi

Wadogo zangu wa Madinatul Bu'uth, mabweni ya wanafunzi wageni wa Azhar, na nyie mliopanga vyumba mtaa wa Hayy Asher, kila mwaka nasema nitanyamaza na kila mwaka mnanishinda. Juzi mmoja wenu karudi kutoka Tahrir kanuna. Tangu asubuhi kazunguka Makumbusho ya Misri akitafuta barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun. Haipo! Vitu vya kaburi lile, zaidi ya 5,000, vimehamia makumbusho makubwa mapya kule Giza, yaliyofunguliwa rasmi Novemba 2025. Maiti za mafarao nazo ziliondoka Tahrir Aprili 2021, ziko kwenye makumbusho mengine, kule Fustat. Jengo la Tahrir, la mwaka 1902, bado lina mengi ya kutazama, ila ujue unalipia nini kabla hujatoa pesa.

1. Kitambulisho cha mwanafunzi kiwe mfukoni na kisiwe kimeisha muda. Mwanafunzi mgeni analipa nusu. Kadi ya benki nayo iwe na salio, sehemu nyingi siku hizi hawataki noti.

2. Vunja noti kubwa asubuhi. Mzee anayelinda viatu msikitini hana chenji, wa chooni hana chenji, na dereva wa teksi ndiyo kabisa.

3. Metro: tiketi usiitupe, mlangoni wakati wa kutoka itadaiwa. Mabehewa ya katikati ni ya wanawake. Kaka, ukiona behewa zima linakutazama, si kwa uzuri wako.

4. Giza. Hapa mnivumilie.

Kuna kituo cha metro kinaitwa Giza. Piramidi ziko Giza. Mimi, kijana wa Tanga niliyejiona nahau yote ninayo kichwani, nikajumlisha mwenyewe. Agosti, jua la saa sita, kanzu na makubadhi. Nimetoka kituoni, piramidi sizioni. Dereva wa teksi kanitajia bei, nikamcheka: ziko hapo hapo, utaniibia nini? Kutoka pale ni kama kilomita nane.

Nikamuuliza muuza juisi ya miwa kwa fus-ha safi, Kiarabu cha vitabuni, irabu za mwisho zote mahali pake. Akamwita mwenzake aje asikie. Nikarudia, kwa ombi maalumu. Wakafurahi sana, kisha wakanyoosha mkono: "Ala tuul!" Mbele, nyoosha tu. Nikanyoosha. Kituo cha mafuta, ala tuul. Askari, ala tuul. Mama wa mapera naye ala tuul, akanipa pera moja kwa huruma. Muda wote huo mikrobasi zinanipita, kijana ananing'inia mlangoni anapiga kelele "Haram! Haram! Haram!" na mimi nawapungia mkono waende zao. Kumbe "haram" kwao ndiyo piramidi. Barabara yenyewe inaitwa Sharia al-Haram, Barabara ya Piramidi, kibao kipo, nimepita chini yake.

Nafika, kubadhi la kushoto limekatika ukanda, dirisha la tiketi limefungwa. Ncha ya piramidi ya Khufu naiona juu ya mapaa ya watu. Akatokea bwana mwenye ngamia. Nilipanda ili nipumzishe miguu, sitawadanganya. Kupanda ilikuwa bei ya kirafiki. Ngamia akasimama, nikauliza nashukaje, nikatajiwa bei ya kushuka. Huko juu hakuna nahau. Nililipa nikabaki mikono mitupu, na nauli ya kurudi akanilipia mzee niliyeketi naye kwenye mikrobasi, bila hata kuulizwa. Wamisri ndivyo walivyo, mmoja anakukamua, mwingine anakufuta machozi.

Kwa hiyo piramidi uende asubuhi na mapema, na ukisikia Haram, panda.

5. Siku moja, upande mmoja wa mji. Ukichanganya Giza na mji wa kale utaishia kuona foleni. Siku ya mji wa kale haina gharama: shuka kituo cha metro cha Ataba, pita mtaa wa Muski kwa miguu (ni Kariakoo ya siku ya sikukuu, simu mfuko wa mbele) mpaka msikiti wa Hussein. Azhar yenyewe ipo pale tangu 970, na wapo kati yenu wanaoingia kusoma kila siku bila kuinua macho kutazama minara yake. Ingia Mtaa wa al-Muizz, teremka hadi Bab Zuweila, lango la 1092. Miguu ikiruhusu, malizia Ibn Tulun, msikiti wa 879. Uwanja wake wa ndani ni mpana na kimya kiasi kwamba utasahau honi za nje.

Soko la Khan el-Khalili ukiwa peke yako usisimame kujibu "unatoka wapi?". Sema shukran huku unatembea.

Chakula ni kushari, wali uliochanganywa na dengu na tambi. Shatta yake onja kwanza. Ninyi watu wa pwani mnajitapa na pilipili halafu mnaomba maji.

Na msiniombe niwapeleke Ijumaa hii. Nina mtihani.