Anza na Sufuria, Maiti Itasubiri

Ukitaka kuandika hadithi ya uhalifu uliotokea mgahawani, anza na sufuria. Maiti itasubiri. Miswada mingi ninayopewa niisome hufanya kinyume: mtu keshaanguka ukurasa wa kwanza, polisi wamejaa, mpelelezi anakuna kichwa, na chakula kimekaa pembeni kama pambo. Ukiuondoa mgahawa ukaweka saluni au gereji, hadithi haitikisiki. Basi mgahawa ulikuwa wa nini?

Mimi naishi Chicago, upande wa kusini wa jiji. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa soul food, yaani chakula cha Wamarekani Weusi chenye asili ya majimbo ya Kusini, nikianzia kwenye sinki la vyombo hadi nikasogezwa kwenye majiko. Usiku naandika hadithi za upelelezi, zile tulivu: damu haionekani, anayekufa anafia nje ya ukurasa, mpelelezi ni mtu wa kawaida mwenye shughuli zake, na mwishoni msomaji anaelezwa namna ya kupika kile kilichokuwa kikiliwa. Marekani aina hii ina wasomaji waaminifu, na ina tuzo yake iitwayo Agatha, kwa heshima ya Agatha Christie. Bibi huyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali, ndiyo maana sumu zake hazikubahatishwa. Aliandika kutoka kwenye kabati alilolijua. Sisi wa jikoni tuna makabati yetu.

Tuchukue sufuria kubwa kuliko zote jikoni, ya collards. Msomaji wa Nairobi akiyaona majani hayo atasema ni sukuma wiki, na hatakuwa amekosea sana, maana ni ndugu wa damu. Tofauti ni jiko. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunayakaanga dakika chache na kitunguu. Wapishi wa soul food wanayachemsha polepole, saa moja, mbili, hata zaidi, pamoja na kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. (Wasiokula kitimoto msikimbie: majiko mengi siku hizi hutumia bata mzinga wa moshi.) Maji yanayobaki huitwa pot likker, na hayo ndiyo mali yenyewe. Hunywewa kikombeni, huchovyewa mkate wa unga wa mahindi. Jikoni kwetu ukiyamwaga, utaulizwa kwenu ni wapi.

Sasa weka pembeni yake mmea mwingine, poke. Huota wenyewe kwenye viwanja vitupu na kando ya reli, una shina la zambarau na matunda meusi yanayovutia watoto. Kusini watu maskini waliula majani yake machanga kila masika, lakini kwa masharti: unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, unamwaga tena. Mizizi na matunda havichezewi kabisa. Aliyekula bila masharti hayo, saa chache baadaye anatapika na tumbo linamkata. Naongea habari za karatasi, usiende kuchuma.

Ukiyaweka mawili haya pamoja, fumbo linajileta lenyewe. Mboga mbili za kijani zinazofanana zikishaiva. Ya kwanza maji yake ni ya kunywa, ya pili maji yake ni ya kumwaga. Katika hadithi ninayoiandika sasa, mwenye mgahawa, Miss Odessa, anafungua pipa la taka asubuhi na kukuta lundo la poke iliyochemshwa na kukamuliwa vizuri. Usiku uliopita mzee mmoja, mteja wa kila siku, amepelekwa hospitali. Polisi anatazama pipa, anaona mboga iliyoharibika. Miss Odessa anaona kitu kisicho na maana, kwa sababu kila mtu aliyewahi kupika poke anakula majani na kumwaga maji. Huyu katupa majani. Maji kayapeleka wapi? Na yule mzee kila jioni, kabla mgahawa haujafungwa, hupewa kikombe chake cha pot likker.

Huo ndio ushauri wangu mkubwa, mengine yote yananing'inia hapo: kitendawili kiteguliwe na kitu ambacho mpishi tu anakijua, na mpishi akijue kwa sababu ya kupika. Asiwe na bahati, asisikilize mlangoni, asiokote simu ya mtu. Halafu mpe msomaji maarifa hayo mapema, waziwazi, lakini yakiwa yamevaa nguo nyingine. Sura ya pili Miss Odessa anamgombeza kijana aliyetaka kumwaga pot likker, na msomaji anacheka. Sura ya nne anasimulia mama yake alivyochemsha poke kule Mississippi, na msomaji anadhani anapewa kumbukumbu tamu ya utotoni. Pipa likifunguliwa sura ya saba, kila kitu amekwisha kukisoma. Asipotambua, atajilaumu mwenyewe, na msomaji wa hadithi hizi anapenda sana kujilaumu.

Vyombo navyo vinasema. Kikaango cha chuma kizito, kile cha kukaangia kuku na kuokea mkate wa mahindi, hujengewa utando wa mafuta kwa miaka. Hakilowekwi kwenye maji ya sabuni usiku kucha. Ukikikuta asubuhi ndani ya sinki kikiwa na kutu, ujue kimeoshwa na mtu asiye wa jiko lile, na alikuwa na sababu kubwa ya kukiosha.

Kuna vidokezo vya kuogopa pia. Wanaoanza hupenda ugomvi wa kutia au kutotia sukari kwenye mkate wa mahindi, wanaandika kwamba mwenye kutia sukari ametoka mahali fulani, basi ndiye. Hapana. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa sukari hiyo. Itumie kuonyesha tabia za watu, usiitumie kumfunga mtu.

Kwa nini Chicago, wakati chakula chenyewe ni cha Kusini? Kwa sababu chakula kilihama na watu. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini wakikimbia ubaguzi, ukatili na umaskini wa mashamba ya kukodi, na wengi wa Mississippi walipanda treni za Illinois Central zilizowaleta moja kwa moja huku. Kwa mwandishi wa upelelezi hiyo ni neema. Kila mzee anayekaa kwenye kaunta ana mji wa pili nyuma yake, na huko kuna shamba lililogawanywa vibaya, mchumba aliyeachwa, jina lililobadilishwa njiani. Sababu ya uhalifu wa leo inaweza kuwa ilipanda treni mwaka 1948.

Chicago ina kitu kingine ambacho sijaona kikitumika vya kutosha. Nation of Islam, jumuiya ya dini ya Wamarekani Weusi iliyoongozwa na Elijah Muhammad, ilikuwa na makao yake makuu hapa, na kiongozi huyo aliwakataza wafuasi wake nguruwe, akaenda mbele akakataza hata kunde na viazi vitamu, akiviona ni chakula cha utumwa. Badala yake wakajulikana kwa pai ya maharage meupe, ambayo huuzwa hadi leo. Kwa mbali, juu ya kaunta, si rahisi kuitofautisha na pai ya viazi vitamu. Shahidi anayesema alikula pai ya viazi siku ambayo kaunta ilikuwa na ya maharage tu, ana maswali ya kujibu.

Sababu ya uhalifu isiwe ngumu. Mapishi yenyewe yanatosha: sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi orodha tupu ya viungo, kwa hiyo mchanganyiko wa unga wa kuku ambao umelisha familia vizazi vitatu unalindwa hasa na midomo iliyofungwa. Jengo nalo linatosha, mtaa unapopanda bei.

Utaulizwa pia kwa nini mpishi apeleleze wakati polisi wapo. Usilirukie swali hilo, maana mtaani kwetu lina jibu zito. Watu wengi hapa wana historia mbaya na polisi na hawafunguki mbele yao. Kwa mpishi wanafunguka. Jumapili mchana, makanisa yakitoka, foleni inafika barabarani, kofia za akina mama zimepangana, na kwa muda wa kusubiri sahani utasikia nani anadaiwa, nani kamfukuza mwanawe, na sadaka ya wiki iliyopita ilihesabiwa na nani. Miss Odessa hahitaji kitambulisho cha upelelezi. Anahitaji kijiko cha kupakulia na subira.

Nimemwita Miss Odessa tangu mwanzo, na wewe fanya hivyo. Mwanamke wa umri wake haitwi Odessa kavu na kijana wa jikoni, kama ambavyo wewe hungemwita bibi wa jirani kwa jina tupu. Na jambo ambalo linanikera kuliko yote: waandishi wetu wakitaka kuonyesha lafudhi ya watu wa Kusini, wanawapa Kiswahili kibovu, cha kuvunjika, cha mtu asiyesoma. Lahaja ya watu hawa ina kanuni zake na ina utani mkali. Mpe Miss Odessa Kiswahili cha mwanamke mzee mwenye mamlaka, anayejua kumaliza mjadala kwa maneno manne. Mbwembwe zitokane na anachokisema.

Kuhusu mapishi ya mwisho wa kitabu, yajaribu kwenye jiko ambalo msomaji wako analo. Unga wa mahindi wa huku una chenga zaidi kuliko sembe yetu, kwa hiyo tafuta wa chengachenga kidogo. Penye maziwa ya siki weka mtindi, au maziwa lala ukiwa Kenya. Kikaango kipate moto na mafuta kabla hujamimina rojo, la sivyo mkate hautapata ganda. Asiye na oveni aambiwe waziwazi afunike na kupalia makaa juu, kama tunavyooka mikate ya sinia, na utaje ni muda gani hasa, maana barua za malalamiko utakazopata hazitahusu muuaji.