Kabla hujaisambaza picha ya Mombasa ya zamani

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya Mombasa ya zamani kwa WhatsApp, na chini yake maneno yale yale: "Mombasa 1900". Picha huwa nzuri. Huo mwaka ndio mara nyingi huwa wa kubahatisha, na ukishazunguka kwenye makundi kumi hakuna tena wa kuurekebisha.

Nimekuwa nikizikusanya picha hizi kwa muda: za majumbani, za kadi za posta, na zile zilizowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani, chenye mkusanyo wa Winterton wa maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Wengi tukiziona tunakimbilia majengo. Hili ni duka la fulani, huu ni msikiti wa Mandhry, pale ni Ndia Kuu. Mimi nakwambia anza na kazi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale bado zimesimama, ukitaka nenda ukazitazame leo jioni. Kilichoondoka ni ile kazi iliyokuwa ikifanywa mbele yake.

Mwaka usikusumbue sana, una njia zake. Ukiona kigari chenye paa la turubai juu ya reli nyembamba, kikisukumwa na vijana, basi unatazama mji wa kabla ya motokaa kuenea. Wakubwa wa serikali walikuwa na njia zao za reli mpaka mlangoni kwao, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia magari yakaanza kuzifukuza. Kadi iliyoandikwa "Mombasa, B.E.A.", yaani British East Africa, ilichapishwa kabla nchi haijaitwa Kenya Colony mwaka 1920, au imetumia maandishi ya zamani. Daraja la Nyali likiwa linaelea juu ya maboya, picha ni ya kati ya 1931 na 1980. Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, enzi hizo Kilindini Road, hazikuwepo kabla ya miaka ya 1950, kwa hivyo anayekutumia pembe na kukwambia ni za 1920 mrudishie. Majina ya barabara nayo yanasaidia: Salim Road ndiyo Digo Road ya leo, na Vasco da Gama Street ndiyo Mbarak Hinawy. Ila stempu isikudanganye. Inakwambia kadi ilitumwa lini, si picha ilipigwa lini, na kadi moja iliweza kuuzwa miaka mingi baada ya mpiga picha kufunga mashine yake.

Sasa Bandari ya Kale, maana hapo ndipo penye utamu.

Chukua picha yoyote ya bandari ile iliyojaa vyombo, uvikuze kwenye simu, halafu utazame tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Kikiwa kimechongoka mbele na nyuma, huenda ni bumu la Waarabu wa Ghuba. Kikiwa na tezi bapa, yamkini ni jahazi la pwani yetu. Mabumu yalikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, yamebeba tende, chumvi, mazulia na papa mkavu, yakaondoka upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, karibu na Aprili. Kwa hivyo picha iliyosheheni mabumu hukupa msimu hata kama hakuna aliyeandika tarehe. Na ukiona chombo kimelazwa ubavu ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na watu wamechuchumaa chini yake, usiandike "jahazi lililoharibika". Hao wanakalafati: wanasukuma pamba yenye mafuta katikati ya mbao, kisha watapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Harufu yake wazee wanaikumbuka mpaka leo, na hakuna anayeisifu.

Nilimpelekea mzee mmoja wa Kibokoni, aliyewahi kuwa karani bandarini, picha ya wapagazi wakipakia miti ya mikoko. Nikamwuliza, "Ami, hizi ni boriti za Lamu?" Akavua miwani, akaisogeza simu mpaka karibu na pua.

"Za Lamu, naam. Lakini hizo si boriti, mwanangu, hizo ni mazio. Hebu mtazame huyu, ana mingapi begani? Boriti hubebi hivyo."

Kisha akanipanga: fito ndizo nyembamba kabisa, zikifuatwa na pau, mazio, boriti, mwisho nguzo. Zilihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, na karani akikosea korja moja mwenye mali hamsikizi. Yule mtu aliyesimama pembeni kwenye picha, ambaye mimi nilimdhania mpita njia, alikuwa ndiye anayehesabu. "Tazama vidole vyake," akaniambia. Kweli, vidole vimekunjwa.

Biashara hiyo ya miti ilijenga kwa Waarabu wa Ghuba na kwetu pia. Vyumba vya nyumba za zamani za mawe ni vyembamba na virefu kwa sababu paa lilikaa juu ya boriti, na boriti ina urefu wake, huwezi kuinyoosha. Huko Ghuba nako walijenga vivyo hivyo kwa miti iyo hiyo, mpaka pesa za mafuta zilipowapa chuma na zege. Soko likapungua, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje. Ndiyo maana nasema watafute hao wazee sasa. Karani wa boriti aliyekuwa kijana mwaka 1970 si kijana tena.

Ukienda kwa mzee, usimwulize "unakumbuka nini kuhusu zamani?" Atakwambia maisha yalikuwa mazuri na bei zilikuwa chini, mkimaliza hapo mtakunywa kahawa. Mpe picha, umwulize huyu amebeba nini, analipwa na nani, akitoka hapa anaenda wapi. Nenda na picha zilizochapishwa kubwa, simu zinawachosha macho. Na mrekodi, kwa ruhusa yake. Fanya hivyo hivyo kwa waliofanya kazi bandari ya Kilindini kabla ya kontena, enzi za matishali (mashua za kupakulia meli) na magunia, na kwa wale wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza 1963 na kuacha kusafisha 2013. Ya Changamwe watu wanayadharau kwa kuwa ni ya juzi. Lakini picha za wafanyakazi wake ziko majumbani, na huko ndiko zinakoharibikia.

Kuhusu kuharibika: mvua za masika na hewa ya chumvi huleta kuvu haraka. Ondoa picha kwenye mifuko ya plastiki, uziweke kwenye bahasha za karatasi, kabatini, mbali na ukuta unaovuja. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue, itaacha sura kwenye kioo. Ipige picha hivyo hivyo ilivyo. Ukitumia simu, iweke picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na meza. Geuza na nyuma uipige pia, kuna muhuri wa studio huko. Ukitaka kuandika kitu, tumia penseli, pembeni.

Jambo moja nalishikilia kuliko yote haya. Picha ya bibi ya mtu aliyokwenda kupigwa studio kichwa wazi, kwa ajili ya mumewe au dada zake, si yako kuitia Facebook hata kama ni nzuri namna gani. Omba ruhusa, na ukikatazwa, kubali. Mimi nimekatazwa mara nyingi, na picha hizo nimeziacha huko huko kwenye masanduku ya wenyewe.

Zile ulizoruhusiwa, liandike jina la faili vizuri kabla hujaituma: mahali, kazi inayofanywa, aliyekueleza, na mwaka ukiwa na ushahidi. Huna ushahidi? Andika "kabla ya" au "baada ya", kisha uitume.