Maswali ya Wasomaji: Karo ya Chuo na Ritani ya Kodi

SWALI: Binti yangu ana miaka 20, yuko mwaka wa pili chuo kikuu, na gharama zake zote ni juu yangu. Kaka yangu aliye Marekani humwandika mwanawe wa chuo kwenye ritani na kodi inapungua. Mimi nimwandike wapi kwenye iTax, mfumo wa ritani wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA)? Na kaka, kwa vile hunisaidia karo, anaweza kumwandika binti yangu? – Mzazi, Umoja

JIBU: Kwenye iTax hakuna pa kumwandika. Sheria ya Kenya humpa kila mkaazi nafuu ile ile ya binafsi (kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi yake), Sh2,400 kwa mwezi, awe na watoto sita au asiwe na hata mmoja. Hilo linawaumiza wazazi wenye watoto vyuoni, lakini ndivyo lilivyo: risiti za karo hazipunguzi kodi.

Kinachopunguza ni bima ya elimu ya mkataba wa miaka 10 au zaidi. Nafuu ni asilimia 15 ya ada unayoilipa kampuni ya bima, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Ukilipa Sh8,000 kila mwezi, ada ya mwaka ni Sh96,000 na kodi inashuka kwa Sh14,400. Kwa binti huyu muda umepita. Kama ana mdogo wake wa chekechea, anza sasa. Usiivunje kabla haijaiva, kwani kampuni itakata nafuu yote uliyowahi kupewa na kuirudisha KRA.

Wengi hukwama kwenye fomu yenyewe. Ukurasa wa kwanza huuliza kama una bima. Usipojibu ndiyo, jedwali la bima halifunguki. Humo jaza PIN, yaani nambari ya kodi, ya kampuni ya bima (si yako), nambari ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuiva, na ada ya mwaka kama ilivyo kwenye cheti. Hata kama mwajiri alishakupa nafuu hiyo na iko kwenye P9 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka), jaza tena, la sivyo mfumo utakuonyesha una deni.

Kuhusu kaka: huko Marekani mwanafunzi wa muda wote aliye chini ya miaka 24 huandikwa na mzazi wake, mradi asijikimu mwenyewe kwa zaidi ya nusu. Lakini anayeandikwa lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Canada au Mexico. Mkenya anayeishi Umoja hafai, hata kaka alipe karo yote.

Sasa muulize binti kama alichukua PIN alipoomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Kama anayo, awasilishe ritani ya sufuri kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita; faini ya kuchelewa ni Sh2,000 kwa kila mwaka. Akiwa alilipwa mshahara kwenye atachimenti, hiyo si sufuri tena: aombe P9 na ajaze mapato hayo.