Elfu tano kwa kila A? Maswali yenu na majibu yangu

Ripoti za muhula zimeshafika nyumbani, na wengi walioniandikia safari hii wanauliza jambo lile lile: mtoto akileta alama nzuri, apewe hela? Nimechagua maswali sita.

Shikamoo mwalimu. Mume wangu alimwahidi binti yetu wa darasa la tano shilingi elfu tano kwa kila A. Muhula uliopita alileta A mbili, akalipwa. Safari hii hana hata moja, na tangu ripoti itoke hataki kuligusa begi la shule. Tuongeze dau au tuache? (Mama, Mbagala)

Marahaba mama. Msiongeze. Dau likipanda, kitakachopanda ni uchungu wa kulikosa.

Kuna mchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Roland Fryer, aliyelipima jambo hili kwa maelfu ya wanafunzi wa shule za umma Marekani, kuanzia mwaka 2007. Chicago, wanafunzi wa darasa la tisa walilipwa dola 50 kwa kila A, 35 kwa B na 20 kwa C, nusu wakipewa mkononi na nusu ikiwekwa mpaka wahitimu. New York walilipwa kwa matokeo ya majaribio: hadi dola 25 kila jaribio kwa darasa la nne, hadi 50 kwa darasa la saba. Dallas walifanya kingine kabisa. Mtoto wa darasa la pili alipata dola 2 kwa kila kitabu alichosoma, akishajibu maswali mafupi ya kuthibitisha kwamba amekisoma kweli.

New York na Chicago, mitihani ya kupima ujuzi haikuonyesha nafuu yoyote ya maana. Dallas, kwenye zile dola mbili mbili, uwezo wa kuelewa habari uliongezeka kwa watoto waliokuwa wakisoma kwa Kiingereza.

Kwa nini? Watoto wa New York waliulizwa wangefanya nini ili wapate hela zaidi. Wakataja kusoma swali kwa makini na kupitia majibu kabla ya kukusanya karatasi. Kusoma kitabu nyumbani hawakukutaja, wala kumfuata mwalimu baada ya kipindi. Hela waliitaka sana, ila njia ya kuifikia hawakuijua.

Nadhani binti yako yuko hapo. Mchukueni jioni moja, bila kugomba, mwambieni alete karatasi za mtihani. Tafuteni maswali aliyokosa. Mara nyingi mtoto wa darasa la tano hajashindwa hesabu nzima. Amekwama kwenye sehemu au desimali, na kila swali lenye sehemu ndani yake linamwangusha. Hapo ndipo pa kuanzia, nanyi wenyewe kama mnaweza, au mwalimu wake wa somo akiombwa kwa heshima. Baba akipenda kutoa chochote, atoe kwa kazi ambayo binti ana uwezo wa kuianza na kuimaliza leo: hadithi aliyoisoma akaisimulia, au maswali kumi aliyokosa akayarudia mpaka yakakubali. Mia tano inatosha. Na jingine, mama: kwa ripoti hii isiyo na A, mwambieni kwa maneno yanayosikika kwamba bado mnampenda. Msidhani analijua.

Mwalimu, mimi sikubaliani na wanaosema hela haisaidii. Huku kwetu wasichana waliwahi kupewa fedha kwa kufaulu, na walibadilika. (Shangazi, Busia, Kenya)

Uko sahihi shangazi, na mfano wako ni mzuri kuliko wa Marekani. Mwaka 2001 ulianza mpango wa ufadhili kwa wasichana wa darasa la sita katika wilaya za Busia na Teso. Waliokuwa kwenye asilimia 15 ya juu katika mtihani wa wilaya walipata ufadhili wa miaka miwili: kila mwaka shilingi 500 za Kenya zilienda shuleni kwa ajili ya karo, na shilingi 1,000 zilienda kwa familia kwa mahitaji ya shule. Washindi walitajwa pia mbele ya wazazi kwenye hafla. Wachumi Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton waliufuatilia, na Busia matokeo yalikuwa mazuri: alama za wasichana zilipanda, hata za wale ambao kwa uwezo wao hawakuwa na matumaini ya kushinda. Wavulana, ambao hawakuahidiwa chochote, nao walionekana kunufaika. Tena walimu walipunguza utoro.

Lakini angalia hela ile ilivyokuwa. Ilikuwa karo, madaftari, sare. Vitu ambavyo vikikosekana msichana anabaki nyumbani. Na kila mtu shuleni alikuwa na sababu ya kusukuma. Teso, ambako baadhi ya shule zilijitoa kwenye mpango, matokeo hayakuonekana vizuri. Kwa hiyo sipingi fedha kumfikia mtoto wa shule. Napinga kumwacha mtoto peke yake na bei ya alama, kisha sisi watu wazima tukae tunasubiri ripoti.

Nina vijana wawili mapacha. Mmoja ni wa pili darasani, mwingine wa arobaini na kitu. Nampa hela yule wa pili ili mwenzake aone wivu, ajitahidi. Mbona hajitahidi? (Baba, Morogoro)

Baba, acha leo. Nakuomba kwa moyo wangu wote. Huyo wa arobaini anajifunza kwamba ndani ya nyumba yenu kuna mtoto na kuna mtoto, na ndugu yake anajifunza kumdharau. Hivyo ni vitu vigumu kuvirekebisha kuliko hesabu.

Nafasi ya darasani haikwambii mtoto anajua nini. Anaweza kupanda alama kumi na bado akawa wa arobaini, kwa sababu wenzake nao wamepanda. Mapema mwaka 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Kama taifa limeweza kuiacha orodha ile, na sisi tunaweza kuiacha mezani kwetu. Linganisha alama za kijana na alama zake mwenyewe za muhula uliopita. Na muulize kama ubaoni anaona vizuri. Nimekutana na watoto wengi walioitwa wazito kumbe wanahitaji miwani.

Wangu anapenda kusoma bila kusukumwa. Nianze kumlipa ili azidi? (Mama, Zanzibar)

Usianze. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye utepe kwa kuchora, baadaye walipoachwa huru walitumia muda wa karibu nusu tu ya wenzao kuchora. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungua. Mnunulie kitabu siku usiyomwambia.

Mwanangu anajibu: "Mbona wachezaji wa Simba na Yanga walilipwa milioni tano kwa kila goli?" Nimjibuje? (Baba, Temeke)

Ni kweli, Rais Samia aliahidi hivyo mwaka 2023 kwenye mashindano ya Afrika. Mwambie wale ni watu wazima waliokwisha kujua mpira, wana kocha, daktari na mazoezi ya kila siku. Kisha jiulize wewe: yeye kocha wake nani? Kama jibu ni wewe, jioni uwe nyumbani.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Baba aliahidi kuninunulia simu nikipata divisheni wani mtihani wa kidato cha pili. Nimeipata. Kila nikikumbusha anasema "tutaona". Naogopa kumuudhi. (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa divisheni wani. Hujakosea kukumbusha. Ahadi ni deni hata kwa mzazi. Subiri siku ametulia, msalimie, umwambie hivi: "Baba, kama hela haipo, niambie tu, nitaelewa." Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mama au shangazi akusindikize.

Na wewe baba, ukisoma hapa: kama simu ni ghali, au umefikiri upya ukaona bado ni mapema kwake kuwa nayo, mwite umweleze wazi, mkubaliane kitu kingine na tarehe yake. Kijana wa umri huo anaweza kuvumilia kuambiwa hapana. Kinachomvunja ni kuwekwa gizani na mtu anayemwamini.