Abatasepti kwa mtoto aliyepandikizwa uloto: dozi yake, na akirudi Masasi

Swali: Mtoto wa miaka 8, kilo 22, wa hapa Masasi anakwenda India kupandikizwa uloto wa mchangiaji asiye ndugu. Barua inataja abatasepti. Si dawa ya baridi yabisi hiyo? Akirudi tuangalie nini? (Muuguzi)

Jibu: Ndiyo hiyo hiyo, mwenzangu. Seli T za mchangiaji, yaani chembe nyeupe za kinga, huuona mwili wa mtoto kuwa mgeni, zikashambulia ngozi, ini na utumbo. Ila kumtambua mgeni pekee hakuziamshi. Sharti CD28, protini iliyo juu ya seli T, ishikane na CD80 au CD86, protini za seli inayomwonyesha huyo mgeni. Abatasepti huwahi kuzikalia CD80 na CD86, na seli T ikikosa ishara hiyo ya pili hupoa.

Marekani iliidhinisha kazi hii ya kuzuia shambulio hilo Desemba 2021, kwa mchangiaji asiye ndugu, pamoja na dawa nyingine za kupunguza kinga: methotreksati na takrolimasi au saiklosporini. Haitolewi peke yake. Watoto wa selimundu wanaopandikizwa Dodoma huchangiwa na ndugu zao, kwa hiyo usishangae usipoiona kwenye barua zao.

Dozi ni miligramu 10 kwa kilo: siku moja kabla ya kupandikizwa, kisha siku ya 5, 14 na 28. Kwake ni miligramu 220. Kichupa cha miligramu 250 huyeyushwa kwa mililita 10 za maji safi ya sindano, kwa sirinji isiyo na silikoni, maana silikoni huzusha chembechembe na dawa hutupwa. Kizungushwe taratibu, kisitikiswe. Huchotwa mililita 8.8, zikaingia kwenye dripu ya chumvi asilimia 0.9 iliyopunguzwa kiasi hicho hicho, jumla mililita 100, kwa dakika 60 kupitia kichujio.

Hatari mtakayoipokea ninyi ni virusi vya Epstein-Barr na saitomegalovirusi kuamka. Asaiklovia, dawa ya virusi, iendelee miezi 6, na damu ipimwe virusi hivyo kwa ratiba ya waliompandikiza. Homa ikija, pimeni malaria, lakini jibu likiwa chanya msiishie hapo. Upele viganjani na nyayoni, macho ya njano au kuhara maji mengi: wapigieni siku hiyo hiyo. Chanjo hai, kama ya surua, isitolewe bila idhini yao.

Na tafadhali sana, kama bado anameza takrolimasi, msimpe erithromaisini (ya bakteria) wala flukonazoli (ya fangasi) kabla ya kuwauliza. Zote hupandisha takrolimasi kwenye damu, na figo ndizo huumia.